Mradi Ukiisha, Shirika Linabaki na Nini?

Ndugu zangu, wakurugenzi, wahasibu, maafisa miradi, na nyie mnaojitolea bila mshahara na bado mmefika mapema kuliko wote, habari za asubuhi. Nimeombwa niongee kuhusu changamoto za mashirika yetu yasiyo ya kiserikali, na kawaida mtu akipewa mada hii anaorodhesha tu, hela hakuna, wafanyakazi wanaondoka, serikali zinabana, jamii haituelewi, anamaliza anakaa. Orodha hiyo mnaijua, mnaamka nayo kila siku. Mimi leo nataka kushika jambo moja ambalo naona ndio shina na hayo mengine mengi ni matawi yake.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa naratibu mradi wa afya ya mama na mtoto. Kwenye mkutano wa kwanza na jamii nimeshamaliza kueleza kila kitu, malengo, walengwa, ratiba, mama mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Samahani mwanangu, nyie mmekuja wenyewe au mmeletwa na mradi?" Nikamjibu haraka haraka kwamba mama tumekuja wenyewe, sisi tupo, hatuendi popote. Na niliamini kabisa nilichosema. Baada ya miezi kumi na minane mkataba wa ruzuku ukaisha, ule tuliotarajia ufuate haukuja, tukafunga ofisi ya pale, gari likarudishwa, wale wahudumu wa kujitolea tuliowafundisha wakabaki na madaftari na fulana zenye nembo yetu. Hata hela ya kurudi kuaga haikuwepo kwenye bajeti. Yule mama aliuliza swali ambalo bodi yetu haijawahi kuuliza hata siku moja.

Sasa shina lenyewe ni hili. Wengi tunasema hatuna hela, lakini tukiwa wakweli kuna miaka hela ilipita mikononi mwetu nyingi tu. Ilikuwa ni hela ya mradi. Ina mwanzo na mwisho, imeandikwa kila shilingi iende wapi, ikibaki inarudishwa, na shirika lenyewe kama taasisi halina hata kidogo cha kwake. Ni kama mtu anayefanya kazi mwaka mzima analishwa vizuri, anavalishwa sare, halafu tarehe 31 Desemba anavuliwa sare anaambiwa asante. Huyo mtu ataweka akiba lini? Atajenga lini? Ndio sisi. Tunajua kuendesha miradi, wengine tunajua sana, ila taasisi zenyewe hatujazijenga, na kwa kweli kwa kiasi kikubwa hela tunayopewa hairuhusu kuzijenga.

Mwaka 2025 ulituonyesha hili waziwazi. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, siku chache baadaye mashirika duniani kote yakaanza kupokea barua za kusimamisha kazi, yaani acha ulichoshika hapo hapo. Machi 10 waziri wao wa mambo ya nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la serikali ya Marekani la misaada ya nje, zimefutwa, na kufikia Julai 1 shirika hilo lililokuwepo tangu 1961 likaacha rasmi kutekeleza misaada. Ndani ya mwaka huo huo Uingereza nayo ikatangaza itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, wakati lengo ambalo Umoja wa Mataifa uliliweka tangu 1970 ni asilimia 0.7. Sasa nyie mnakumbuka wenyewe ile wiki ya mwisho ya Januari ilivyokuwa. Kuna mashirika yalikuwa na miaka ishirini ya kazi nzuri na hayakuweza kulipa mishahara ya Februari. Kazi yao haikuwa mbaya, hawakuiba, hawakukosea ripoti. Hawakuwa na akiba, na hawakuwa na akiba kwa sababu mikataba waliyosaini kwa miaka ishirini haikuwaruhusu kuwa nayo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wazee walisema, na mimi nilikuwa naona methali hii inawahusu wavivu mpaka nilipoona watu wachapakazi kabisa inawapata.

Tuje kwenye kile tunachokiita gharama za uendeshaji, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia na sisi wenyewe tunashiriki. Kodi ya ofisi, mhasibu, umeme, intaneti, ukaguzi wa hesabu, bima, muda wa mkurugenzi anapoandika andiko la mradi, hivi vyote vipo iwe mfadhili anavipenda au havipendi. Lakini fedha nyingi zinakuja na kikomo. Umoja wa Ulaya kwenye miradi yake ya nje kawaida unatoa asilimia 7 kwa gharama zisizo za moja kwa moja. Serikali ya Marekani kwa mashirika ambayo hayajajadiliana nayo kiwango chao ilikuwa asilimia 10 kwa miaka, wakapandisha hadi 15 kuanzia Oktoba 2024, miezi michache tu kabla ya hayo niliyoyasema. Na wapo wafadhili wengine wanakwambia sisi hatulipi uendeshaji kabisa, hela yote iende kwa wanufaika. Inapendeza kusikia. Ila huyo mnufaika atafikiwa na nani kama hakuna ofisi, hakuna mhasibu, hakuna gari lenye matairi mazima?

Halafu sisi tunafanya nini? Tunakubali. Tunaandika bajeti ambayo tunajua haitoshi kwa sababu tunaogopa yule mwenzetu ataandika ndogo zaidi apate yeye. Tunamwandika mhasibu asilimia 30 kwenye mradi huu na asilimia 20 kwenye ule, na hiyo asilimia 50 iliyobaki hakuna anayeilipa, mhasibu anafanya kazi nzima kwa nusu mshahara au mkurugenzi anakopa. Huko Marekani mwaka 2009 watafiti wawili wa mambo ya mashirika waliliandikia hili wakaliita mzunguko wa njaa, kwamba mfadhili anatarajia gharama ndogo isiyowezekana, shirika linaona aibu kusema ukweli linaripoti gharama ndogo, mfadhili anaona kumbe inawezekana, mara nyingine anatarajia ndogo zaidi. Nilipoelewa mzunguko huu nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu niliona saini yangu iko kwenye bajeti za namna hiyo nyingi tu.

Na msidhani kinachokatwa ni anasa. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye mitambo inayohifadhi taarifa za watu zaidi ya 515,000, watu waliopotezana na ndugu zao kwa vita, majanga na uhamiaji. Hiyo ni taasisi kubwa yenye uwezo. Sasa wewe una majina, namba za simu na hali za kiafya za watu elfu tatu kwenye faili la ekseli, kwenye kompyuta mpakato moja isiyo na nywila, kwa sababu usalama wa kompyuta ulihesabiwa ni uendeshaji ukafutwa kwenye bajeti. Tukiambiwa tupunguze uendeshaji tujue tunachopunguza ni ulinzi wa watu waliotuamini.

Kuna jambo lingine linawahusu hasa mashirika madogo yanayopokea fedha kupitia mashirika makubwa. Mwezi Mei 2016 kule Istanbul wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada ya kibinadamu walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura iende kwa mashirika ya mahali husika kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Mwaka 2020 ukafika ukapita, lengo halikufikiwa, halikukaribiwa hata. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba lile shirika kubwa linapokea ruzuku pamoja na asilimia yake ya uendeshaji, linakupa wewe sehemu ya utekelezaji bila uendeshaji. Wewe ndio unayejua njia, unayejua lugha, unayepigiwa simu usiku mtoto akizidiwa, na wewe ndio huna asilimia hata moja ya kulipia hiyo simu. Mimi siwachukii mashirika makubwa, nimefanya kazi humo, yana watu wema sana. Lakini hili si haki na inabidi lisemwe wakiwepo ukumbini, kama leo mlivyo, sio tukiwa kwenye wasapu peke yetu.

Sasa wafanyakazi. Unamchukua kijana mgeni kabisa, unamfundisha mwaka mzima, anaijua jamii, watu wanamuita kwa jina, mkataba wake ni wa miezi kumi na miwili kwa sababu mradi ni wa miezi kumi na miwili. Mwezi wa tisa anaanza kutafuta kazi kwingine, na nani atamlaumu, ana watoto. Anaondoka mwezi wa kumi, miezi miwili ya mwisho ambayo ndio ya kuandika ripoti na kukabidhi inafanywa na mtu ambaye hakuwepo. Halafu tunaitana kwenye warsha ya kubakisha wafanyakazi, tunaongelea motisha na mazingira rafiki ya kazi. Mazingira rafiki ni mkataba wa miaka mitatu, mengine yanafuata. Na wale wanaobaki wanachoka, mnawaona, mtu mmoja anafanya kazi za watu wanne anasikiliza habari za ukatili na msiba kila siku, hana mtu wa kumsikiliza yeye. Niliwahi kumpoteza mwenzangu mmoja mzuri sana kwenye kazi hii, hakufa, aliacha tu siku moja akasema sina tena huruma iliyobaki, naogopa nitaanza kuwafokea watu. Bado naliwaza hilo neno.

Ripoti sitazisemea sana mnazijua. Wafadhili watano, fomati tano, tarehe tano, fedha za nchi tofauti tofauti, viashiria ambavyo haviendani. Kinachoniuma zaidi kuliko kazi ya kuziandika ni kile zinachotufanyia akilini. Ukiandika kwa muda mrefu kile mfadhili anataka kusoma unaanza kuona kile tu mfadhili anataka kuona. Unahesabu waliohudhuria mafunzo, huulizi kama kuna kilichobadilika nyumbani kwao. Na mwaka unaofuata tangazo la ruzuku likisema tabianchi, shirika la elimu linakuwa la tabianchi, likisema ujasiriamali wa vijana tunakuwa wa ujasiriamali wa vijana, mpaka mtu akikuuliza shirika lenu hasa linafanya nini unavuta pumzi kwanza. Jamii inaona haya. Inaona tunavyobadilika, ndio maana yule mama aliuliza vile, alikuwa ameshaona wengine wakija na kuondoka kabla yetu.

Kuhusu sheria na mabenki nitapita haraka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kinachojulikana kama FATF kilitoa pendekezo namba 8 linalohusu mashirika yasiyolenga faida, na kwa miaka mingi lilichukuliwa kama vile sisi sote ni njia ya kupitisha fedha za ugaidi. Walilirekebisha 2016 na tena 2023 wakisisitiza kwamba hatua zilingane na hatari halisi, lakini benki nyingi bado zinaona rahisi kukunyima akaunti kuliko kukuchunguza. Na serikali nazo zinabana. India mwaka 2020 ilishusha kiwango cha fedha za nje kinachoweza kutumika kwa utawala kutoka asilimia 50 hadi 20 na ikazuia shirika moja kuligawia jingine fedha hizo, mashirika madogo ya huko yaliyokuwa yanategemea makubwa yakajikuta hayana njia. Ethiopia sheria ya 2009 ilisema mashirika yanayogusa haki za binadamu yasipate zaidi ya asilimia 10 kutoka nje, mengi yakabadili kazi au yakafa, mpaka sheria ilipofutwa 2019. Miaka kumi. Mnaona tena tunarudi pale pale, ukiwa huna chanzo chako mwenyewe kalamu ya mtu mmoja inakumaliza, iwe ya mfadhili au ya bunge.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na ningekuwa si mkweli ningeishia kwa wafadhili na serikali. Tuna bodi ambazo hazikutani. Tuna bodi za marafiki na ndugu wa mwanzilishi, wanasaini mihtasari ya vikao ambavyo havikufanyika. Tuna waanzilishi, na nawaheshimu, walioanza na meza moja chini ya mti wakajinyima kila kitu, ila baada ya miaka kumi na tano hakuna hundi inayotoka bila wao, hakuna barua pepe inayojibiwa bila wao, na wakiugua shirika zima linalala kitandani nao. Mfano wa kutazama upo. Fazle Hasan Abed alianzisha BRAC kule Bangladesh mwaka 1972 kuwasaidia wakimbizi waliorudi baada ya vita vya uhuru. Mwaka 2001 alipofika miaka 65 akaachia ukurugenzi mtendaji akabaki mwenyekiti, 2019 akaachia na uenyekiti akiwa hai, akafariki Desemba mwaka huo huo na shirika likaendelea. BRAC pia walijenga vyanzo vyao, mikopo midogo, kiwanda cha maziwa, maduka ya kazi za mikono, na hivyo vyanzo vilibeba sehemu kubwa ya gharama zao. Sisemi kila mmoja wetu afungue kiwanda, biashara ni kazi nyingine na nimeona mashirika yaliyofilisika kwa kufuga kuku ambao hakuna aliyejua kuwafuga. Nasema yule mzee alikuwa anafikiria taasisi wakati wengine wanafikiria mradi unaofuata.

Na uaminifu wa hela, tusizunguke. Kuna wenzetu wanakula. Posho za semina hewa, risiti za kununua, majina ya wanufaika yanayojirudia. Ni wachache, ila mmoja akikamatwa wote tunaongezewa fomu, na mbaya zaidi mwananchi anaona sisi sote ni wale wale. Kama shirika lako halina mtu ambaye mfanyakazi wa chini anaweza kumwendea bila kuogopa kufukuzwa akaripoti wizi, au akaripoti bosi anayewanyanyasa wasichana, basi andiko lako la mradi liwe zuri vipi kuna tatizo hapo.

Basi tufanyeje. Sina dawa ya kuponya yote ila kuna mambo tuliyoyafanya kwenye shirika nililopo sasa na yamesaidia. La kwanza tulikaa na mhasibu tukahesabu gharama yetu halisi, yote, bila aibu, mradi mmoja unatugharimu kiasi gani kweli. Ilichukua wiki sita. Tukaanza kuwapelekea wafadhili namba hiyo. Wawili walikataa tukawapoteza, na ilituuma. Mmoja alituambia hamjawahi kuniambia, mngeniambia mapema ningelipa. Mjue pia wapo wanaobadilika, MacKenzie Scott kwa mfano, yule bilionea wa Marekani, tangu 2020 ametoa fedha kwa mashirika zaidi ya 2,000 bila kuwapangia wazitumie vipi, na yalipofuatiliwa hayakuharibikiwa, mengi yaliimarika. Hoja hiyo itumieni mkikaa mezani.

La pili ni akiba. Tuliamua kila hela isiyo na masharti ikiingia, hata iwe ndogo namna gani, ya mchango wa mwanachama, ya kukodisha ukumbi, ya ushauri tuliompa mtu, sehemu yake inaenda akaunti ambayo mkurugenzi peke yake hawezi kuigusa. Lengo letu ni miezi mitatu ya kuendesha ofisi. Ilituchukua miaka minne kufika miezi miwili. Mtu atasema ni kidogo, sawa, lakini Februari 2025 hiyo miezi miwili ndio iliyotuwezesha kuwaita watu tukawaeleza kinachoendelea, kuwahamishia wagonjwa wetu vituo vingine mmoja mmoja kwa majina, na kuwalipa vijana mshahara wa mwisho kabla hatujawaaga. Wenzetu walifunga mlango kwa notisi ya siku moja.

La tatu, tumejifunza kukataa. Tumekataa ruzuku tatu ambazo hazikuwa zetu. Kila mara kikao kilikuwa kirefu na kuna waliokasirika, na nawaelewa, maana kukataa hela wakati wenzako hawana uhakika wa mshahara si jambo la kujisifia. Na kama kuna shirika jirani linafanya kitu kile kile, kaeni muongee, unganeni hata mhasibu mmoja, hata ofisi moja. Tunapenda sana kila mtu awe na nembo yake.

La mwisho ndilo lililotokana na yule mama. Siku hizi kwenye mkutano wa kwanza kabisa na jamii tunabandika karatasi kubwa ukutani, tunaandika tarehe ambayo hela inaisha. Tarehe, mwezi, mwaka. Chini yake tunaandika mistari mitupu na tunawauliza, siku inayofuata baada ya hii nani atafungua kituo, nani atatunza funguo, nani atalipia dawa, na hatuondoki mpaka ile mistari ianze kujaa majina ya watu walio humo ndani. Mara ya kwanza tuliogopa watatukatalia, kwamba nani ataupokea mradi unaotangaza kifo chake siku ya kuzaliwa. Hawakukataa. Kikao kilichopangwa kuwa cha saa mbili kilienda mpaka jioni na sisi muda mwingi tulikuwa tumekaa tunasikiliza tu.